Chini ya Mstari wa Njano

Saa kumi na mbili na robo asubuhi magari kumi na moja yalikuwa yamepanga foleni juu ya mteremko wa kushushia boti, kila moja na tela lake nyuma, na Mama Filimbi alikuwa kibandani akijifunga bandeji kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Aliivuta ncha moja kwa meno, akakaza fundo, akatoka nje na kupuliza filimbi mara moja. Gari la kwanza likaanza kurudi nyuma kuelekea ziwani.

Kando ya kibanda palikuwa na ubao wa kanuni saba alizoziandika mwenyewe kwa rangi nyeupe. Andaa boti yako kwenye maegesho, si kwenye mteremko. Funga kizibo kabla maji hayajakukumbusha. Zima taa kubwa, mwenzako naye ana macho. Tumia upande mmoja, ule mwingine una mwenyewe. Ukishashusha, ondoka. Ukishapandisha, ondoka. Asiyejua asaidiwe, asichekwe. Mtoto wa chekechea angezishika zote kabla ya mapumziko ya kwanza. Watu wazima wenye boti walikuwa na miaka sita hawajazishika.

Mambo yalianza mwaka wake wa kwanza kazini. Muuza matairi na jirani yake walikunjana mashati pale penye zege, kila mmoja akidai zamu ni yake, na Mama Filimbi akaingia katikati kuwaamua. Ngumi ya kwanza ilimpata yeye, jambo la kawaida kwa muamuzi. Akarudi hatua tatu pembeni. Ngumi ya pili ilitua barabara kwenye shavu la muuza matairi, na shavu lililovimba likawa la Mama Filimbi. Muuza matairi alijipapasa, akaona yuko mzima, akarudisha kwa nguvu zaidi. Mama Filimbi akatema jino.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Aliyepigwa juu ya zege la mteremko hakuumia, aliumia Mama Filimbi. Kwenye zahanati waliandika “maumivu ya kazini” na kumpa tarehe ya kurudi. Mwoka mikate huungua, dereva huumwa mgongo. Kila kazi ina adha zake. Kukaa mbali na kazi nako hakukusaidia. Aliwahi kuchukua likizo ya siku nne, na siku ya pili, akiwa jikoni kwake anamenya viazi, kidole cha shahada kilivunjika mkononi mwake kwa mlio mdogo. Akamaliza viazi kwa mkono mwingine. Mlinzi aliyemshikia zamu alitoa taarifa kwamba siku ilikuwa shwari, hakuna aliyeumia.

Alipolalamika kwa katibu wa chama cha wenye boti, katibu alimsikiliza hadi mwisho, akachomeka kalamu yake mfukoni na kusema, “Mama, wahenga walishasema. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi.” Akaona suala limefungwa.

Ndipo Mama Filimbi akachora mstari. Alikuwa amegundua kwamba kipigo cha juu, kwenye lami ya maegesho, hubaki kwa mwenyewe aliyepigwa. Ni kuanzia pale zege linapoanza kuinama ndipo kinapomfuata yeye. Alichukua kopo la rangi ya njano akapiga mstari mnene kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akaiambia foleni nzima, “Juu ya mstari, kila mtu na mwili wake. Chini ya mstari, mwili ni wangu.” Aliamini wakishajua watashikwa na haya.

Hapo alikosea, na kosa lile lilimgharimu jicho. Kuanzia wiki ile, waliogombana kule juu walikumbushana.

“Samahani mzee, tushuke kidogo pale chini.”

“Tangulia.”

“Hapana, wewe umri umekwenda. Tangulia wewe.”

Walivuka mstari mmoja baada ya mwingine, wakakunja mikono ya mashati, wakaanza. Watu ambao zamani walitupiana maneno tu sasa walipigana makasia, minyororo ya matela, hata nanga ndogo, maana hapakuwa na la kuogopa. Mwenye kupigwa alisikia kama upepo umempitia. Mama Filimbi, ndani ya kibanda, alianguka pamoja na kiti. Jicho la kulia likawa linafunguka nusu tu.

Lakini lazima lisemwe: hakuna hata mmoja aliyeondoka bila kupita dirishani kwake. Walikuwa watu waliolelewa.

“Pole mama.”

“Nimeshapoa,” alijibu Mama Filimbi kila mara, kwa sababu naye alilelewa.

Wawili walimchosha kuliko wote. Mkandarasi alikuwa na boti nyeupe ndefu kama darasa, na kila Jumamosi aliiegesha katikati ya mteremko, akaziba pande zote mbili, ndipo akaanza kufungua mikanda, kupakia masanduku ya barafu na kupiga simu kuwauliza wageni wake wamefika wapi. Daktari wa meno alizijua kanuni zote saba kwa moyo. Alikuja boti ikiwa tayari, kizibo kimefungwa, kamba imeviringwa, akasimama nyuma ya Mkandarasi na kumwashia taa kubwa kisogoni. Hao walikuwa paka na panya, na hakuna aliyejua yupi ni paka. Meno mawili ya Mama Filimbi yalitoka kupitia taya la Mkandarasi. Daktari wa meno ndiye aliyeyarudishia, na kazi ilikuwa safi.

Sasa, Mama Filimbi alikuwa na binti mmoja, fundi cherehani, na binti huyo alikuwa anaolewa Jumamosi. Gauni alilishona mwenyewe. Jumapili iliyotangulia alikuja kwa mama yake, akakaa kwenye kigoda, akamshika mama mikono yote miwili, polepole, maana mmoja ulikuwa na bandeji.

“Mama, sitaki zawadi. Nataka uje na uso.”

“Si huu ninao.”

“Mzima, mama. Picha zitakaa ukutani mpaka wajukuu.”

Mama Filimbi aliangalia ukuta wake mwenyewe. Kulikuwa na picha ya binti alipomaliza chuo, na mama pembeni yake amevimba kama andazi. Kulikuwa na picha ya siku ya kufungua duka la kushona, na mama ameshika kitambaa mdomoni. Katika miaka sita hapakuwa na picha hata moja ambamo mgeni angeweza kuona kwamba wawili hao wanafanana. Lilimuuma jambo hilo kuliko kidole, kuliko meno. Akasema atajaribu.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya foleni.

“Jamani, Jumamosi namwoza binti yangu. Naomba wiki moja. Wiki moja tu, msipigane.”

Wanaume walivua kofia. Mkandarasi aliteremka garini kabisa. “Mama, hilo tu? Hata mwezi.” Daktari wa meno akasema ni ombi la haki. Katibu aliliandika kwa herufi kubwa na kulibandika chini ya kanuni ya saba.

Na walitimiza. Wiki ile mteremko ulikuwa mahali pa kuonea raha. Taa zilizimwa. Boti ziliandaliwa juu kwenye maegesho. Mzee mmoja asiyejua kurudisha tela nyuma alielekezwa na watu wanne bila kucheka. Jumanne mdomo wa Mama Filimbi ulipona. Jumatano jicho lilifunguka lote, akaona kumbe upande ule wa ziwa kuna miti. Ijumaa alijitazama kwenye kioo kidogo cha kibandani, akakutana na mwanamke wa miaka hamsini na miwili mwenye mashavu mawili yanayolingana na pua ya binti yake. Alifurahi hadi akacheka peke yake. Ziwa lilikuwa limetulia, na kwenye foleni wanaume walikaa wameng'ang'ania usukani, taya zimekaza.

Jumamosi alikuwa na ruhusa. Saa nne kasoro alikuwa chumbani kwa binti, amepiga magoti, anabana pindo la gauni, pini saba katikati ya midomo. Uso wake ulikuwa umeshapakwa poda.

Saa hiyohiyo Mkandarasi alikuwa mteremkoni, kaziba pande zote mbili. Alikuwa amesahau kizibo. Boti ilishaingia maji hadi kwenye viti, tela halivutiki, na masanduku ya barafu yanaelea. Nyuma yake yalikuwa magari kumi na manne. Daktari wa meno aliwasha taa kubwa, mchana kweupe, akaziacha hivyo kwa nusu saa, kisha akateremka.

“Wiki nzima nimekuvumilia.”

“Na mimi pia,” alisema Mkandarasi. “Ila leo ni harusi ya binti wa mama.”

“Najua. Usoni hapana.”

“Usoni hapana. Na mikono?”

Daktari wa meno alifikiri. “Mikono tuiache. Atakata keki.”

Walipeana mikono. Kwa kuwa Mkandarasi alikuwa tayari chini ya mstari, Daktari wa meno alimwomba radhi kwa kumkuta huko na akavuka. Mkandarasi alichomoa mkono wa chuma wa winchi ya kuvutia boti. Daktari wa meno alichukua kasia. Walikuwa na wiki nzima vifuani, na watu kwenye foleni nao walikuwa na yao, wakateremka mmoja mmoja kuja kuongezea. Walipiga kuanzia shingoni kwenda chini, kwa uangalifu mkubwa. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Chumbani, ubavu wa kwanza ulivunjika Mama Filimbi akiwa amebakiza pini sita mdomoni. Wa pili ulivunjika upande wa pili. Kisha mgongo, kisha paja, kisha mbavu tena, mfululizo, hadi akaegemea ukuta kwa bega. Hakumeza pini hata moja. Alizitoa moja moja, akazirudisha kwenye kopo lake.

“Mama?”

“Simama wima,” alisema. “Pindo litaenda upande.”

Ukumbini waalikwa walimsifu kwa jinsi alivyokaa ameinyosha shingo, mkao wa malkia. Hakuweza kuinama. Mpiga picha alisema hajapata uso wa kupendeza kama ule, akampiga picha ishirini na sita na binti yake, na katika zote wawili hao wanafanana kabisa. Ilipofika zamu ya mama kusimama na kumkumbatia bibi harusi, binti ndiye aliyeinama.

Mkandarasi na Daktari wa meno walifika wamevaa suti, wameshika zawadi moja kwa pamoja, jiko la gesi la plati mbili. Walikuwa wamepatana. Walipita mbele ya meza kuu.

“Pole mama,” alisema Mkandarasi kwa sauti ya chini. “Ila usoni hatukugusa.”

“Nimeona,” alisema Mama Filimbi. Alitaka kuendelea, pumzi ikakata.

Binti alisikia. Aliangalia mkono aliouweka mgongoni kwa mama yake, akaona jinsi mgongo ule unavyopanda na kushuka kwa vipande. Akazunguka meza na gauni lake lote.

“Hapa tuko chini ya mstari?” alimuuliza Mkandarasi.

“Hapa?” Mkandarasi aliangalia sakafu. “Hapana. Hapa...”

Binti alimzaba kofi. Lilikuwa kofi moja, la mkono wa kulia, mkono uliozoea kusukuma vitambaa vizito siku nzima. Mkandarasi alipiga kelele kama mtoto. Alikuwa hajaumia miaka sita na hakukumbuka kwamba maumivu hukaa. Alishika shavu, akatazama vidole, akaona damu kidogo pale pete ilipomchana, na akaanza kulia mbele ya watu.

Muziki ulizimwa. Ukumbi mzima ulishtuka. Shangazi wa bwana harusi aliuliza ni malezi gani haya, mgeni anakuja na jiko halafu anapigwa. Katibu alisimama akasema kuna mambo yana mahali pake. Daktari wa meno alimshika mwenzake bega na kumtafutia barafu. Kila mtu alimgeukia mama wa bibi harusi, akisubiri, maana mtoto akikosa, mzazi ndiye huomba radhi.

Mama Filimbi aliangalia uso wa binti yake, mzima, umewaka kwa hasira, mzuri. Moyoni alitamani kuliona kofi la pili. Lakini ndoa ilikuwa na saa tatu tu, na wakwe walikuwa wanatazama. Aliweka mikono yote miwili mezani akajisukuma hadi akasimama.

“Pole baba,” alimwambia Mkandarasi.

Mkandarasi alikuwa ameweka barafu shavuni. Aligeuza uso.

Jumatatu saa kumi na mbili na robo magari tisa yalikuwa kwenye foleni. Zahanati ilimkataza Mama Filimbi kupuliza kitu chochote kwa miezi mitatu, kwa hiyo chama kilimletea honi ya betri, nyekundu, imefungwa kwa utepe. Katibu alikuwa ameshaongeza kanuni ya nane kwenye ubao, kwa mwandiko mzuri kuliko wake: Usoni marufuku. Watu walisema haya ndiyo maendeleo, na wengine walimsikitikia Mkandarasi, ambaye alikuwa na plasta shavuni na alimwonyesha kila aliyeuliza.

Mkandarasi ndiye alikuwa wa kwanza. Alisimama dirishani, boti yake haijafunguliwa mikanda.

“Pole mama,” alisema.

Mama Filimbi alifungua mdomo. Pumzi ya kujibu haikuwepo. Alibonyeza honi mara moja, na Mkandarasi, akiwa ameridhika, akaanza kurudi nyuma katikati ya mteremko.