Bendi ya Jumatatu

Jumanne hadi Jumapili tulikuwa mali ya Mwigulu. Baa kubwa ya Runzewe ilikuwa yake, magitaa, ngoma na spika vyake, hata vyumba vya uani tulivyolala. Wachimbaji walidai nyimbo zilezile za zamani, nasi tukazipiga vilevile. Mimi nilipiga gitaa la solo. Nilijifunza kusoma noti ukubwani, katika madarasa ya jioni kule Mwadui, na kurudia wimbo mmoja mara nne kuliniuma kuliko vidole vyangu vya uzee.

Ndipo tukaanzisha Duara: mimi, Makoye wa ngoma, na Noela mwimbaji, aliyepiga pia besi. Tuliiita hivyo kama wachimbaji wa Nyarugusu wanavyoliita shimo la dhahabu. Kila Jumatatu, Mwigulu akifuata vinywaji Kahama, tulibeba vyombo vyake hadi banda la mashine ya kusaga iliyokufa, tukapiga roki. Gitaa lililia kama bati linalong'olewa na upepo. Sharti letu lilikuwa moja: wimbo usirudiwe jinsi ulivyopigwa Jumatatu iliyopita.

"Huu muziki au ugomvi?" Makoye aliuliza siku ya kwanza.

"Vyote," Noela akajibu.

Watu wakaanza kusogea mlangoni.

Baada ya mavuno, Makoye alikuja anacheka. "Duara tumeitwa mashindanoni! Nimekubali."

"Tunapambana na nani?"

"Niwape watu nafasi ya kusema naogopa? Sikuuliza."

Mpinzani alikuwa bendi ya Mwigulu. Sisi wenyewe. Na huku Usukumani pande mbili hupiga wakati mmoja, uwanja mmoja. Anayevuta watu ndiye mshindi. Kundi lisilotokea limekufa.

Mwigulu alicheka hadi akashika meza. "Mtapiga kwangu. Upande wenu wekeni kiti kitupu."

"Nitakwenda mimi," Noela akasema.

"Na chombo gani, binti?"

"Mdomo. Huo hukuununua."

Siku ya mashindano alisimama peke yake ng'ambo ya uwanja, akaimba wimbo wetu wa Jumatatu. Watu walimzomea. Sisi tulikuwa kwa Mwigulu, tumefungwa na nyaya zake, katikati ya wimbo wa zamani. Sauti ya Noela ilianza kukatika. Nikaacha tulichokuwa tukipiga, nikamfuata kwa gitaa. Makoye akanitazama.

"Mzee, tutafukuzwa!"

"Piga!"

Akapiga. Spika za Mwigulu zikaubeba wimbo wa Duara, na watu wote wakavuka kwa Noela. "Wabeja! Wabeja!" walitushukuru kwa Kisukuma. Tukapewa fahali wa ushindi.

Nilingoja matusi. Mwigulu alikuja anatabasamu, akanishika bega. "Baba Ritha, kumbe mlinificha mali?"

Sasa ubao wa baa umeandikwa Duara. Bendi ya zamani haipo tena. Wachimbaji wanapiga kelele, "Rudia! Kama uwanjani!" na Mwigulu ameamuru wimbo ule usibadilishwe hata neno.

Jumamosi iliyopita ulipodaiwa tena, Noela aliwapa watu mgongo, akanikabili.

"Baba Ritha, Jumatatu tutakwenda wapi?"

Lile banda Mwigulu amelikodi, amelijaza kreti hadi mlangoni. Nikaanza kupiga, vilevile kama jana, naye akaimba akiwa bado ananitazama mimi.