Ng'ombe wa Mama Nyiramahirwe

Valentin alikuwa amesema ni kazi ya saa moja. Yeye hufunga paneli za sola katika mtaa wa Ndosho, na kwa sababu anajua waya, anaamini kila kitu chenye kioo na kitufe kinamtii. Hesabu za nyumba zilikuwa kwenye kompyuta kuukuu ambayo sasa ilizimika yenyewe umeme ukitikisika kidogo. Alipakua programu mpya kwenye simu ya mke wake, Pascasie, akamwambia wahamishe miaka yote ya matumizi Jumamosi ile, maharage yakiwa bado motoni.

Pascasie ndiye aliyeandika hesabu zile, jioni baada ya jioni, akitoka sokoni Birere kuuza viatu. Alikubali, ingawa moyo wake haukukubali.

Programu iliuliza fedha gani wanatumia. Ilitaka moja tu kwa kila daftari. Valentin akachagua dola, kwa kuwa kodi ya nyumba na karo za shule hulipwa kwa dola. Lakini nyanya, mkaa na nauli ya pikipiki hulipwa kwa franga, pesa za nchi, na programu haikujua tofauti. Pascasie alipofungua ukurasa wa mwezi wa kwanza, aliona kwamba familia yake ilikula nyanya za dola elfu mbili. Chini yake kulikuwa na ujumbe uliomshauri apunguze matumizi ya chakula.

"Hiyo ni kitu kidogo," Valentin alisema.

Kitu kidogo kilimkalisha Pascasie mpaka saa nane mchana, akitenganisha franga na dola katika mafaili mawili, moja kwa kila daftari, huku mgongo ukimuuma na maharage yakishika chini ya sufuria. Alipoingiza upya, programu ikakataa karibu nusu ya mistari. Ilikuwa inasoma mwezi kwanza, kisha siku. Tarehe tatu ya mwezi wa tisa, siku walipolipia karo ya mtoto wao Samy, ilikuwa imegeuka mwezi wa tatu. Na kila tarehe iliyopita kumi na mbili ilitupwa nje, maana hakuna mwaka wenye miezi ishirini. Akarudi kwenye kompyuta. Ikazimika. Akangoja umeme utulie, akaanza tena, bila kumsemesha mumewe, kwa sababu aliogopa maneno ambayo yangetoka.

Mwishowe mistari yote ikaingia. Alikwenda uani kunawa uso, na katika dakika zile chache programu ikauliza kila matumizi yawekwe katika fungu gani, ikapendekeza yenyewe majibu, na Valentin akabonyeza kukubali yote.

Pascasie alirudi, akatazama. Madumu ya maji yalikuwa kwenye vinywaji, pamoja na bia za Krismasi. Michango ya matanga ilikuwa kwenye sherehe. Na ng'ombe ambao walimnunulia mama wa Valentin huko Masisi, mmoja baada ya mwingine, walikuwa kwenye wanyama vipenzi wa nyumbani, kando ya picha ya paka mwenye utepe shingoni.

"Mama Samy, total iko juste, hakuna hata franga moja ilipotea," Valentin alisema. "Majina inafanya nini?"

"Weye ndiye ulifinya kukubali?"

Pascasie alimuuliza kama alisoma hata mstari mmoja kabla ya kubonyeza. Naye akasema kwamba mutu wa kawaida angeshukuru kusaidiwa. Sauti zikapanda, si sana, lakini zilitosha kumfikia mama yake Valentin, Mama Nyiramahirwe, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Alikuwa akiishi nao tangu vita vilipomtoa kwenye kilima chake. Aliuliza ni nini wanagombania. Valentin akamweleza kwa Kinyarwanda, akijaribu kucheka, na mama yake hakucheka.

"Ng'ombe zangu muliweka na paka?"

Valentin akasema anaenda kununua unite za salio la simu, akatoka.

Mama akasogea na sinia lake, akakaa karibu na mkwewe, akamwomba amsomee ng'ombe waliomo mule. Pascasie alikuwa amechoka kiasi kwamba aligeukia kompyuta, akasoma bila kufikiri: mwezi wa pili, ng'ombe ya mama, dola mia nne.

"Huyo Gaju," mama alisema. "Alikuwa anapiga mutu akikamuliwa."

Akasoma mstari uliofuata, na mdomo ukatangulia akili. "Ng'ombe tena."

Alikumbuka siku alipoyaandika maneno yale. Alikuwa ametaka zile pesa zinunue saruji. Alitamani mashine izimike, lakini mara hii umeme ulikuwa imara kabisa. Mama aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele.

"Ile 'tena' ilikuwa Bihogo," alisema. "Alizaa pacha. Wote wawili walibakia kule, sijue nani aliwakula." Kisha akaongeza: "Mutoto yangu, hao usiwaache mu ile mashini inakufa."

Pascasie alitaka kuwapa ng'ombe hao fungu lao wenyewe, liitwe Ng'ombe. Programu ikamjibu kwamba fungu jipya ni kwa wenye kulipa kila mwezi kwa kadi, na kadi hakuwa nayo. Basi akafanya alichopaswa kufanya asubuhi. Alifuta kila kitu kwenye programu, nyanya, maji, tarehe zilizopinduka, vyote. Akaandika kiasi kilichokuwa ndani ya nyumba siku ile, dola kwenye daftari lake na franga kwenye lake. Kisha akaingiza ng'ombe kwa mkono, mama akimtajia majina, chini ya picha ya paka ambayo haikukubali kutoka.

Valentin aliporudi alitazama simu, akauliza miaka mingine iko wapi.

"Inabakia kwa ordinateri. Ukiitaka, ukae na weye mpaka saa nane," Pascasie alisema, akiionyesha kompyuta kuukuu.

Valentin akamwangalia mama yake, akaenda kupakua maharage yaliyoungua. Simu ikalia. Programu ilikuwa inampongeza Pascasie kwa kumaliza, na kumwomba aunganishe akaunti yake ya benki. Benki ilifunga milango tangu vita viingie mjini. Pascasie alibonyeza "baadaye", akaifunika simu kifudifudi mezani.