Mpaka Akue

Jumapili baada ya ibada Mzee Ndesanjo aliegesha gari kivulini, akafuta vumbi viatuni kwa leso, akaingia kwa Lemomo bila kupiga hodi. Alikunywa chai, akasifia maziwa. Kisha akamsimamisha Naipanoi, binti mkubwa wa Lemomo, kwenye mwimo wa mlango na kuweka fimbo yake ndefu kando yake. Fimbo ilimzidi mtoto kidogo tu.

"Amekaribia," alisema. "Akishapata kipaimara nitamchukua."

Pale kijijini Maji ya Chai hili halikuwa jipya. Mzee alikuwa na nyumba kubwa Olasiti, na kila baada ya miaka michache alihitaji binti wa kumsaidia kazi. Alimchukua Agnela, akamchukua Evaresta. Walirudi wamenawiri, wamevaa vizuri, na hawana sauti. Walikuwa wakifungua mdomo na hakitoki kitu. Kwenye kwaya walipangwa mstari wa nyuma, wakafungua midomo pamoja na wenzao, na mwalimu wa kwaya akawagawia wengine sehemu zao. Watu wazima walielewa vizuri sana. Lakini Mzee ndiye aliyewavutia bomba la maji kutoka mlimani, na kila jioni ndoo zilijaa.

Aliyeuliza alikuwa Anneth, binti wa Mchaga muuza viatu vya mitumba. Yeye na Naipanoi walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Kwenye mchezo wa rede, Naipanoi alikuwa na uwezo wa kujaza chupa mchanga huku akikwepa mpira na kucheka, na Anneth hakuona duniani kitu kizuri kuliko hicho. Alimfuata Agnela bombani akamuuliza kuna nini Olasiti. Agnela alifungua mdomo, akaufunga, akamkumbatia mpaka kifungo cha shati kikakatika. Anneth alikuwa na miaka kumi na miwili na jibu hilo lilimtosha.

Alikwenda kwenye mpaka wa kiwanja chao, akakata jani la isale, akalifunga fundo. Kwa Wachaga, anayeletewa isale lenye fundo hawezi kukataa anachoombwa. Akikataa, balaa humfuata yeye na ukoo wake. Mzee Ndesanjo, naye Mchaga, alilelewa hivyohivyo. Jumapili iliyofuata Anneth alimkuta kwa Lemomo akinywa chai.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nimekuletea isale. Naomba umwache Naipanoi."

Mzee alilitazama lile jani hadi chai yake ikapoa.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

Akalipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. "Nimekubali," alisema. "Namwacha mpaka akue."

Lemomo alilitundika jani juu ya mlango liwe shahidi, na wote wakasifu adabu ya yule mtoto. Toka siku hiyo Naipanoi hakukua tena.

Hakuugua. Alikula, alikimbia, alipoteza kandambili zake. Mwalimu alimwacha darasa la sita mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa ndilo lililomfaa, na mama yake alifurahi kwamba sare haikuhitaji kubadilishwa. Wenzake walipata kipaimara, wakakatiwa keki. Yeye alikaa na watoto, akalamba vidole. Jani halikunyauka. Kila Jumapili Mzee alikuja, akapima, akasema "Bado," akanywa chai. Hakuwa mtu wa haraka.

Anneth alikua kwa niaba ya wote wawili. Alikwenda sekondari ya bweni, akavaa miwani, akaanza kuumwa kiuno siku zake. Likizo zilipofika walicheza rede, lakini Anneth alichoka upesi na mawazo yake yalikuwa kwenye simu. Naipanoi alianza kumwita dada. Neno hilo lilimuuma Anneth kuliko alivyotegemea. Hata hivyo kila alipomsikia akicheka uwanjani, aliona bei ni halali.

Mwaka wa nne, Anneth akiwa likizo, Mzee alipima, akasema "Bado," halafu hakuiondoa fimbo mlangoni.

"Na huyu?"

Alikuwa Anna, mdogo wake Naipanoi. Anna alisimama wima, akajinyoosha, kwa sababu alipenda kupimwa.

"Huyu anakua vizuri," alisema Mzee.

Anneth alikimbia kukata isale jingine. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole.

"Mjukuu wangu, mkono uleule hauniletei isale mara mbili. Siku ile ungewataja wote."

Ilikuwa kweli, na Anneth alijua ni kweli. Siku ile alikuwa mtoto mwenye rafiki mmoja, akamtaja rafiki.

Jumamosi mchana, mlangoni kwao, Naipanoi alimwomba Anneth ambebe.

"Unataka nini huko juu?"

"Lile jani."

"Ukifungua fundo, Naipanoi..."

"Najua. Nibebe tu, dada."

Anneth alimbeba mabegani kwa mara ya mwisho huku akilia. Naipanoi alilifungua fundo kwa meno. Kisha akaketi kwenye kigoda kuchambua maharage na mama yake, akakua. Ilichukua mchana mzima. Mifupa ililia kama bati likipigwa na jua. Kabla maharage hayajaisha aliomba khanga, mama akampa, akabandika maji ya kuoga.

Jumapili Mzee aliweka fimbo, na kichwa cha Naipanoi kikaipita.

"Amekua," alisema.

"Na Anna?" Naipanoi aliuliza.

"Anna bado mdogo."

Akielekea kwenye gari, Naipanoi aliimba wimbo wao wa rede, wote, kwa sauti kubwa, ili Anneth aikumbuke sauti yake. Anneth alisimama na jani mkononi. Lilikuwa limekauka. Hakuna aliyemkatiza mwimbaji. Agnela na Evaresta, waliokuwa njiani kutoka kanisani, walisimama wakafungua midomo naye.

Mzee aliwasha gari, akateremsha kioo.

"Lemomo, nitunzie hiyo fimbo hapo mlangoni."

Lemomo akaiegemeza kwenye mwimo. Vumbi lilipotulia Anna alirudi kutoka kucheza, akasimama kando ya fimbo, akaweka kiganja utosini, akawaita waje waone alipofika.