Usumaku wa Kipande Kitupu

Chizuru aliitazama skrini mpaka macho yakamuuma. Ndani ya mashine ya kupimia usumaku kulikuwa na kipande kitupu cha fuwele, hakijapakwa chochote, na kipande kitupu hakina haki ya kuonyesha kitu. Lakini mstari ulikuwa umejikunja kitanzi, kitanzi kizuri kabisa, alama ya usumaku, kile kile walichokuwa wakikishangilia tangu Aprili.

Maana kitanzi hicho ndicho kilichowapa jina. Kwa miaka mitatu Chizuru alikuwa akipika utando mwembamba wa chuma na metali ya bismuthi juu ya vipande kama hicho, akitafuta kitu kilichowashinda wengi: kitu kimoja chenye umeme uliojipanga na usumaku uliojipanga, vyote kwa pamoja, katika joto la kawaida la chumba. Umeme ulikuwepo, hilo halikuwa na ubishi. Usumaku ulipojitokeza, Profesa Shimokawabe, mkuu wa maabara, aliwaagizia sushi maabara nzima. Leo saa nane mchana alikuwa apande treni kwenda Tokyo kuutangaza mbele ya waandishi wa habari, na mwezi Machi alikuwa anastaafu.

Chizuru akautazama mkono wake. Ulikuwa umeshika kibano cha chuma. Hata aliyeingia maabara jana anajua sampuli hushikwa kwa kibano cha plastiki, kwa sababu chuma huacha chembe zake, na chembe zisizoonekana kwa macho zinatosha kuidanganya mashine. Cha plastiki kilivunjika Aprili. Aliona haya kuomba kingine, haya ya kijinga jamani, akachukua cha chuma mara moja tu, kisha mara mia.

"Vipi, umeona jini?" Kuwabata, aliyemtangulia pale maabara kwa miaka minne, aliuliza huku akitafuna mkate wa maharagwe matamu.

Chizuru akamwonyesha skrini na kibano. Kuwabata akaacha kutafuna.

"Sikia, mdogo wangu," alinong'ona. "Leo hukuona kitu."

"Na wenzetu wa maabara za nje wakipima wakakuta patupu?"

"Watahangaika mwaka mzima, na wewe utakuwa umeshachukua shahada yako. Ukisema leo, nani atakuajiri? Hata kuosha chupa hawatakupa!"

Alikuwa anasema kweli, na hicho ndicho kilichomtisha. Chizuru alimwona kwa mawazo mama yake, kule kwao Akita, akiacha kumtaja mbele ya majirani. Miguu ikampeleka ofisini kwa Profesa kabla hajaamua vizuri.

Mzee alikuwa akifunga tai. Chizuru akainama mpaka nywele zikamfunika uso.

"Mwalimu, samahani sana. Ule usumaku ni wa kibano. Nilitumia cha chuma."

"Sampuli ngapi?"

"Zote, Mwalimu."

Hakumfokea, na laiti angemfokea. Alivua koti, akaenda mashineni, akafungua pakiti ya kibano kipya cha plastiki, akachukua utando uliotoka tanuruni asubuhi ile, ambao haujaguswa bado, na kuupima mwenyewe. Dakika arobaini walisimama wakiitazama skrini. Mstari ukatoka umelala chali. Hapakuwa na kitanzi.

Profesa akapiga simu Tokyo, kwa wakubwa waliouandaa mkutano wa waandishi. Aliinama mbele ya simu kama vile wakubwa wenyewe wamekaa pale mezani, akainama chini, kisha chini zaidi, mzee wa miaka sitini na minne.

"Tangazo nalifuta," alisema. "Kosa ni langu. Vipimo vyote nilivifanya mimi, kwa mkono wangu, kwa kibano cha chuma."

Chizuru akafungua mdomo kusema si kweli. Profesa, bado ameinama, akamnyooshea kiganja kumzuia. Neno moja tu lingesikika hadi Tokyo. Chizuru akaifikiria shahada, akaifikiria kazi, na hofu ikampanda upya, kali kuliko ile ya kwanza. Na yule aliyekuja pale kusema ukweli, Mungu amsamehe, akafunga mdomo.