Mji wa Jioni Alizochelewa

Sekela anakaa kwenye kochi ili avue viatu, na kabla kiatu cha pili hakijatoka usingizi unamchukua. Ni saa kumi na mbili jioni, Tukuyu inanyesha kama kawaida yake, na kutwa nzima alikuwa kwenye kiwanda cha kufungasha chai anachokiongoza mwaka wa tisa sasa: asubuhi kikao na wasimamizi, mchana mashine ya kushona magunia imegoma, alasiri dereva wa lori amepiga simu kusema amekwama kwenye tope. Siku kama siku nyingine. Anafumba macho na anajikuta mlangoni mwa ofisi yake, anaufungua atoke, na nje hakuna korido, kuna barabara.

Barabara inakwenda na haikomi, huku chai na huku chai, na kila anapodhani amekifikia kilima kilicho mbele yake, kilima kinasogea mbele kwa adabu kama mtu anayempisha mgeni. Pembeni yake anatembea mtu mwenye koti la mvua. Chini ya kofia hana uso, pana ukungu tu, lakini Sekela haogopi, anamsalimu na yule anaitikia vizuri. Anamwuliza barabara hii inaishia wapi. Inaishia pale unaposubiriwa, anasema yule, na wanatembea, na wanatembea, mpaka mji unatokea, na mji mwingine uko chini yake, umepinduka ndani ya maji ya mvua yaliyotulia, taa kwa taa, bati kwa bati, na Sekela anakanyaga polepole asije akauvunja. Nyumba zote ni moja. Ni nyumba yake, yenye mlango wa kijani, moja baada ya nyingine mpaka macho yanachoka, na kila dirisha lina mwanga. Anauliza huu ni mji gani. Ni jioni zako, anajibiwa, zile ulizochelewa. Hakuna iliyotupwa.

Anasukuma mlango ulio karibu, anaingia, na mezani amekaa Ambakisye, mumewe, waliyemzika miaka minne iliyopita, amevaa sweta lililotoboka kiwiko, anamchambulia samaki binti yao Tusekile, ambaye humu bado ana miaka sita na mapengo mawili. Hakuna anayeshangaa. Karibu, mama Tuse, anasema Ambakisye, chakula bado cha moto. Sekela anakaa, anaogopa hata kupumua. Mumewe anamwuliza kazini kulikuwaje, na yeye, ambaye miaka yote alijibu kwamba ni salama tu, amechoka, sasa anasimulia: kikao, mashine, dereva na tope lake, na kadiri anavyosimulia kuta zinasogea, chumba kinapanuka kama uwanja, harufu ya chai inajaa mpaka darini na dari halionekani tena, na Ambakisye ameacha kula, anasikiliza kama mtu anayeletewa habari za nchi asiyowahi kufika.

Ulikuwa hunisimulii, anasema, bila lawama.

Nilikuwa nikifika umelala.

Nilikuwa nafumba macho tu, nikisubiri uniamshe.

Sekela anamshika mkono, na mkono una joto. Mtu wa ukungu amesimama mlangoni. Sekela anamwuliza kama anaweza kubaki. Ukikaa hapa, anasema, utachelewa kule.

Mama.

Ni Tusekile, wa miaka kumi na saba, ameshika bakuli la maji ya kunawa. Anasema chakula kiko tayari, na kwamba mama yake alikuwa akiongea usingizini. Sekela anaangalia meza. Kiti cha baba yake Tusekile kimevutwa nyuma, kama cha mtu aliyetoka mara moja. Hakiulizii. Anamtazama binti yake, mkubwa hivi, mzuri hivi, na hajui ni mlango upi ameingia.

Kaa, mwanangu, anasema. Sijui kama nimeamka. Lakini kaa, nikusimulie leo kazini kulikuwaje.