Klipu Mfukoni

Fundi Seti hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na wateja, tena kwa hasira. Ukimpelekea pikipiki ukamwambia, "Fundi, nibadilishie cheni tu, sproketi bado nzima," basi umejitafutia. Atakukokota mkono mpaka kwenye ukuta wa gereji, alikotundika sproketi zilizokufa, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni, kama watu wengine wanavyotundika picha za harusi, akulazimishe kupitisha kidole kwenye meno ya mojawapo.

"Unasikia yalivyojikunja? Haya ni meno ya papa. Sasa unataka kumpa papa cheni mpya! Mwezi mmoja ameshaitafuna, halafu unazunguka mtaani unasema fundi hajui kazi. Cheni na sproketi zote mbili, seti nzima, au toa uchafu wako hapa."

Watu walinuna, wakakubali. Baada ya mwaka na nusu wakarudi wenyewe kumshukuru.

Sasa mtu huyo, anayejua cheni kuliko anavyowajua wajukuu zake, ndiye aliyefanya kosa ninalotaka kuwasimulia. Na msimcheke mapema.

Asubuhi moja, jua halijapanda vizuri, binti yake alimletea pikipiki. Binti huyu kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kuchanja kuku, na kila mtu alimwita Daktari wa Kuku. Mwanzoni jina lilimuudhi, baadaye akalizoea, siku hizi hata simu anapokea hivyo. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga sanduku la chanjo lenye barafu. Siku hiyo alikuwa anakwenda ng'ambo ya kilima, kwenye ule mteremko mrefu wenye kona saba na korongo upande wa kushoto. Cheni yake ilikuwa imelegea mpaka inajichapa kwenye chuma kila akipita shimo.

Fundi Seti aliivuta kwa nyuma, pale inapokumbatia sproketi kubwa. Ikaachana na meno, ungeweza kupitisha kalamu katikati.

"Imekwisha. Imekwisha zamani." Akatoa seti mpya, akaanza kufunga.

"Na hii mpya itadumu muda gani, baba?"

"Inategemea mpandaji. Ukiiosha matope na kuipaka oili kila wiki, kilomita elfu ishirini utafika. Ukiitelekeza, hata elfu sita hufiki. Cheni haifi ghafla, mwanangu. Inarefuka kidogo kidogo, na mwenyewe hajui, kwa sababu anaiona kila siku."

"Kama macho yako," akasema binti.

Haya! Hapo ndipo moto ulipowaka. Fundi alikuwa ameshafunga sproketi mbili, ameshazungusha cheni, ameshatia kile kiungo kinachoshika ncha zake mbili. Mkononi alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki.

"Macho yangu yana nini?"

"Bolti umeisogeza mpaka puani ndiyo ukaiona. Nenda kapime, baba. Kupima hakuumi."

"Macho haya yalikuwa yanafunga cheni wewe hujazaliwa! Unanifundisha kazi wewe, mchanja kuku?" Akainua kidole hewani, akakitikisa mbele ya uso wa mwanawe. "Siku nikikosea, siku hiyo ndiyo uje na habari zako za miwani. Siku hiyo! Kabla ya hapo sitaki kusikia!"

Binti akachuchumaa kando ya gurudumu, akaichungulia cheni, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, kisha akalimeza. Akapanda, akaondoka polepole sana. Fundi Seti alisimama mlangoni kifua mbele. Akasikia injini ikizimwa kwenye kona, na baada ya dakika chache ikiwashwa tena. Akadhani amekutana na mtu wamesalimiana.

Saa mbili mkewe alikuwa uani na beseni la kufulia.

"Mzee, lete hilo shati. Linatembea lenyewe kwa oili."

Akalivua, akampa. Haikupita dakika mkewe akaanza.

"Nimekwambia mara ngapi utoe vyuma vyako mfukoni? Siku moja vitanikata vidole!" Akavipanga kwenye kizingiti kimoja kimoja: kipande cha penseli, nati, kitambaa, na kidude chembamba cha chuma, kidogo kuliko ukucha.

Fundi akakiokota. Akakisugua kwa kidole gumba.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Sikioni mwangu. Mfukoni mwako, bwana, kingetoka wapi tena?"

Mzee hakucheka.

Nyie msiojua cheni, kidude hicho ni klipu. Ncha mbili za cheni zinashikwa na kiungo kimoja, kiungo kina bati dogo ubavuni, na bati hilo linashikiliwa na klipu, basi, hakuna kingine. Bila klipu bati linajisogeza taratibu huku pikipiki inakwenda vizuri tu, mpaka linadondoka. Cheni inafunguka. Ikifunguka kwenye tambarare, unasukuma na kulaani. Ikifunguka kwenye mteremko ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu linakabwa papo hapo, na aliyekaa juu yake hana la kufanya.

Labda ni ya zamani, akajiambia. Mfuko wa fundi haukosi takataka. Akakimbilia gereji, akaipata pakiti ya seti mpya, akaipindua juu ya benchi. Tupu. Akajaribu kukumbuka ile sauti, ile *tik* ndogo ya klipu inapokaa mahali pake. Alikumbuka sauti yake mwenyewe tu, anavyofoka.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Na hapo akakumbuka ni nani aliyemfundisha binti yule: "Simu ikilia uko barabarani, iache ilie. Hata kama ni mimi nakufa, nitakufa, utanikuta." Jamani, mdomo wa mtu!

"Kuna nini?" mkewe akamuuliza, mikono imejaa povu.

"Sijamfungia klipu."

Mkewe hakujua klipu ni nini, lakini alimjua mumewe. Alimtazama usoni, akasema, "Nenda."

Sasa hapa kuna aibu nyingine. Fundi huyu, mwenye hotuba za seti nzima, yeye mwenyewe pikipiki yake ilikuwa mbovu kuliko zote mtaani. Cheni ilikuwa imerefuka, akaikata pingili. Ikarefuka tena, akakata nyingine. Meno ya sproketi hayakuwa ya papa tena, yalikuwa ya babu. Kila siku alisema kesho. Mkewe alizoea kumtania kwamba hiyo pikipiki inaomba dua kila inapowashwa, ila asubuhi hiyo hakutania.

Akaiwasha, akaondoka na singlendi, bila hata kofia. Huyo!

Kwenye njia panda alimkuta mjaza upepo, mtu mmoja ambaye kama hana mteja anageuka redio.

"Daktari wa Kuku amepita?"

"Amepita zamani! Tena vizuri umekuja, mwambie jogoo wangu anapiga chafya, yaani akianza..."

"Cheni yake ilikuwa inalia?"

"Ya jogoo?"

"Ya pikipiki, wewe!"

"Aa. Kimya kabisa. Fundi, mbona uko na singlendi?"

Fundi akatia gia. Alikwenda macho yameganda barabarani, akitafuta bati dogo linalong'aa, na kila kokoto liling'aa. Alipunguza mwendo atazame, akajilaumu kwa kupunguza. Aliongeza mwendo, akajilaumu kwa kutotazama. Kila pikipiki iliyotokea mbele alidhani wanakuja kumwambia. Mmoja alimpungia mkono tu kumsalimia, naye akafunga breki kusubiri habari.

Tena akapiga simu, na tena, hesabu ikampotea. Tena ikaita.

Kilima kilipoanza, cheni yake ikaanza vituko. *Kra.* Ikaruka jino. *Kra, kra.* Injini inapiga kelele, gurudumu linasitasita. "Twende," akaiambia, akaipigapiga tangi kama anayembembeleza mtoto. "Leo tu. Nakuapia, kesho nakuvisha seti mpya."

Haikumwamini. Karibu na nusu ya kilima cheni ilikatika, ikalala chini nyuma yake kama nyoka aliyepigwa. Mzee akaiokota, akasukumia pikipiki pembezoni, akaanza kupanda kwa miguu, anakimbia, anatembea, anakimbia. Klipu aliishika ngumini kwa nguvu mpaka ikamchora kiganja. Alikuwa anasema kwa sauti, peke yake barabarani, "Asianze kushuka, asianze kushuka, Mungu wangu, asianze kushuka."

Hakumsikia akija, masikio yamejaa pumzi zake mwenyewe. Cheni mpya haina kelele. Alisikia tu, "Baba!" na mbele yake akasimama Daktari wa Kuku, ameshuka kutoka juu, macho yamemtoka.

"Mama amepatwa na nini? Nimefika juu kupoza injini, nakuta simu kumi na tisa!"

"Zima! Zima injini, usisogee!"

Akapiga magoti kando ya gurudumu. "Zungusha polepole." Binti akazungusha. Mzee akapitisha kidole kwenye cheni, pingili kwa pingili, mpaka kidole kikagota. Klipu. Ilikuwepo, imekaa barabara, kichwa mbele.

Akakaa chini vumbini, akacheka, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Ipo," alisema. "Ipo, mwanangu. Nimeona hii mfukoni nikadhani..." Akamwonyesha kiganja. Na hapo, mtu huyu naye, kifua kikaanza kurudi mbele. "Kumbe ya zamani. Nilijua! Mimi nisahau klipu? Mimi? Miaka yote hii?"

Binti alimpandisha nyuma, wakashuka hadi kwenye pikipiki iliyokatika cheni. Akaitazama sproketi, akatikisa kichwa, akafungua kopo lake la vifaa. Akatoa pakiti ndogo yenye kiungo cha akiba.

"Kitakufikisha nyumbani. Ukienda taratibu."

Mzee akaipokea, akamimina vilivyomo kiganjani. Kiungo chenye pini mbili. Bati. Akatingisha pakiti. Akapapasa ndani kwa kidole.

"Mbona hiki hakina klipu?"

"Labda imedondoka."

"Pakiti hii nilikupa mimi. Ilikuwa imefungwa." Akaigeuza. Ilikuwa imechanwa, na mchano wenyewe haujaingia hata vumbi. Akakumbuka injini ilivyozimwa kwenye kona.

"Pale konani," akasema.

Binti aliangalia barabara.

"Ulianza lini kunikagua?"

"Tangu breki ya mwalimu. Nilimfuata shuleni nikaikaza. Halafu gurudumu la fundi cherehani. Halafu..."

"Inatosha." Alikuwa na hasira, na aibu ilikuwa kubwa kuliko hasira. "Kwa nini hukuniambia? Unanificha mimi? Baba yako?"

"Kila nikianza unanipandishia! Leo nilitaka kusema, nimechuchumaa pale, nimeona kabisa haipo. Kuinua kichwa nikakuta kidole chako bado kiko hewani. Nikashindwa, baba. Nikasema nitaifunga mwenyewe, usijue." Akapangusa vumbi la kopo. "Bila gereji utaishi vipi wewe? Utakaa wapi siku nzima?"

Mzee alikaa juu ya jiwe. Alitazama mikono yake, mikono aliyoiamini kuliko mtu yeyote. Halafu likamjia jambo lingine, akainuka wima kama aliyekalia moto.

"Na wale ambao hukuwaona? Walioondoka kwangu wewe uko vijijini?"

Binti akaivuta karibu cheni iliyokatika.

Wakafunga cheni iliyochoka, wawili. Pini zikaingia, bati likakaa. Mzee akasogeza ile klipu ya mfukoni, akaikosa nafasi. Akasogeza tena usoni, akaikosa tena. Mara ya tatu alishusha mkono, akamkabidhi mwanawe.

"Uwazi wa klipu uelekee wapi?" akamuuliza. Ndivyo alivyokuwa akimuuliza alipokuwa msichana wa miaka tisa, miguu mitupu, gerejini.

"Nyuma. Kichwa mbele, mkia nyuma."

*Tik.*

"Hiyo sauti," mzee akasema, "sikuisikia asubuhi."

Binti akaendelea na kuku wake ng'ambo ya kilima; mzee akarudi kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Gerejini alikuta wateja wawili wanamsubiri. Akawaambia leo hafungui, kesho pia hafungui. Mkewe akaja mlangoni akamuuliza, "Yuko salama?" Akaitikia kwa kichwa, lakini hakukaa. Alizungukazunguka, akanawa mikono, akainawa tena. Kisha akashika chaki, akasimama mbele ya ukuta wa sproketi, akaanza kuandika kwa herufi kubwa kubwa majina ya wote aliowafungia pikipiki tangu mwaka uanze. Pale alipokwama, mkewe alimkumbusha.

Akapiga simu ya kwanza. Ilikuwa ya mwalimu.

"Fundi! Habari za siku? Ile pikipiki inakwenda safi, sina tatizo lolote."

"Usiipande," akasema Fundi Seti. "Isukume mpaka hapa. Binti yangu ataiangalia."

"Daktari wa Kuku? Kwani ina nini?"

Mkewe alikuwa amesimama karibu, shati bichi mkononi linachuruzika maji. Mzee akamtazama, akatazama ukuta, akashusha pumzi.

"Haina kitu," akasema. "Mimi ndiye sioni."

Akavuta mstari juu ya jina la mwalimu, akapiga simu ya pili.