Aliyeshika Waya wa Diski

Kompyuta ya steshenari ilizimika Anisia akiwa anachapa tangazo la ng'ombe aliyepotea. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Ulipotulia, kompyuta iliwaka, lakini diski ya nje iliyokuwa imechomekwa haikuonekana kwenye kioo. Taa yake ilimulika. Jina lake halikuwepo popote.

Tajiri wa duka alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba umeme ukisumbua, achomoe diski kwanza. Siku hiyo Anisia alikuwa anatafuta herufi, hakuiwahi. Aliacha shule darasa la tano, na mpaka leo hutafuta herufi moja moja.

Fundi Nestory alikuja na soda mkononi. Alihamisha diski kwenye tundu lingine, akabadilisha waya, akafungua orodha ya vifaa. Palikuwa na alama ya njano.

"Draiva," alisema. "Diski yenyewe nzima, ila kompyuta imesahau namna ya kuongea nayo. Tunaifuta draiva, tunawasha upya, inajiweka yenyewe."

"Ikikataa?"

"Ikikataa tutaiombea." Alicheka peke yake.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na picha za vijana wa Thobias, mwenye duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, nje ya mji wa Geita. Wakaguzi walipokaribia kuja, Thobias aliwaleta vijana wake dukani wapigwe picha na kofia ngumu kichwani, ionekane wana vifaa. Kofia ilikuwa moja. Aliyepigwa aliivua akampa wa nyuma yake. Maige naye aliivaa, akatabasamu, akaivua.

Baadaye mvua ilinyesha na duara likatitia. Maige hakurudi nyumbani. Thobias alisema duara lilikuwa tupu, na huyo Maige hamfahamu. Martina, mke wa Maige, alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba kifusi kifukuliwe apate kumzika mumewe. Mwenyekiti alimwambia alete kitu kinachoonyesha kwamba mumewe alikuwa kijana wa Thobias. Kitu pekee kilichokuwepo ni ile picha.

Nestory alifuta draiva, akawasha upya. Kompyuta ilipokuwa inaamka, Maige aliingia mlangoni, tope jekundu mpaka kifuani.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, kaka," alisema Nestory, akasogeza soda yake. "Kaa kwenye benchi. Usiguse mashine, umelowa."

Alama ya njano ilibaki palepale. Nestory alijaribu draiva nyingine, ikakataa. Akasema anakwenda kuazima mashine kwa mwenzake, akaondoka.

Maige alinyanyuka, akaushika waya wa diski pale unapoingilia, kwa vidole viwili. Diski ikafunguka. Anisia alizipitia picha: vijana wengi, kofia ile ile, wengine ikiwafunika macho. Akamfikia Maige. Alikuwa anatabasamu, na nyuma yake Thobias alionekana amenyoosha mkono kuipokea kofia.

Anisia alikuwa anatafuta kitufe cha kuchapisha waliposimama mlangoni Thobias na mwenyekiti.

"Shikamoo, bosi," alisema Maige.

"Marahaba, Maige," alijibu Thobias, kisha akakumbuka kwamba hamfahamu. Akamgeukia mwenyekiti. "Huyu ndiye mnayesema amefukiwa? Si huyu hapa!"

Mwenyekiti alimtazama Maige vizuri. "Kweli ni yeye. Sasa Maige, niamuru watu wamfukue mtu aliyesimama dukani?"

"Mwili uko chini, mwenyekiti," alisema Maige. "Hapa nimefuata picha tu."

Mwenyekiti alifikiri. "Basi picha ndiyo itaamua. Binti, ipo?"

Kioo kilikuwa kimemwelekea Anisia peke yake. Chumba cha duka tajiri alikipanga kwa Thobias, na kile kidogo cha nyuma anacholala Anisia kilikuwa cha Thobias pia.

"Bado unalala kule nyuma, mwanangu?" Thobias alimuuliza kwa upole. "Bati halivuji?"

"Halivuji, baba."

"Haya. Mjibu mwenyekiti."

Anisia aliinamisha macho. Picha ilikuwa mbele yake, kubwa, na meno ya Maige yalihesabika.

"Diski haisomi," alisema.

Maige aliuachia waya. Picha ikapotea, na kioo kikabaki na alama ya njano. Mwenyekiti alizunguka meza, akachungulia, akatikisa kichwa. "Kweli haisomi," alisema, wakaondoka pamoja.

Martina alifika jioni. Alimsalimia mumewe, akamfuta tope usoni kwa kanga, kisha akamtazama Anisia.

"Vipi, mwanangu?"

"Nimejaribu, mama. Imekataa."

Maige aliutazama ule waya.

Duara halijafukuliwa. Maige huja dukani kila siku, na wateja wanaosubiri fotokopi husogea kidogo apate nafasi kwenye benchi. Diski ipo mezani. Anisia hajawahi kumwomba aushike tena ule waya, na yeye hajajitolea.

Martina humletea mumewe chakula, ingawa Maige hakigusi. Juzi alileta sahani mbili za viazi vilivyokaushwa na kupikwa kwa karanga, moja ya Anisia.

"Kula, mwanangu," alisema. "Wewe peke yako ndiye uliyejitahidi."

Anisia alikula. Maige alimsogezea maji.